Hukumu ya kukusanya chupa za kale za pombe ya Kijapani

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Ninaishi Nagoya, kazi yangu ni kununua magari yaliyotumika na kuyasafirisha Dar es Salaam na Mombasa. Siku za mapumziko huzunguka kwenye masoko ya vitu vya kale nikinunua tokkuri, chupa za udongo ambazo Wajapani hutilia sake, pombe yao ya mchele. Sijawahi kunywa, alhamdulillah, napenda ufinyanzi tu. Sasa ninazo 14, na mke wangu hataki zikae sebuleni, anasema ni vyombo vya haramu. Mbili ni pacha, ndogo, nyeupe, muuzaji alisema zilitoka kwenye madhabahu ya nyumbani. Moja ina umbo la Ebisu, mmoja wa miungu yao. Picha nimekutumia. Nini hukumu yake?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, kilichoharamishwa ni kilevi. Udongo haukuharamishwa. Wajumbe wa kabila la Abdul-Qays walipomjia Mtume (s.a.w.), aliwakataza vyombo vinne vilivyokuwa vikitengenezewa vinywaji, kimojawapo ni hantam, mtungi wa udongo uliopakwa rangi ya kung'aa. Huo ni jamaa wa karibu kabisa wa chupa zako! Kisha katika hadithi ya Burayda aliyoipokea Muslim, katazo hilo likaondolewa: watu wakaruhusiwa kunywea vyombo vyote, ila wasinywe kilevi. Na sahaba Abu Tha'laba alipouliza kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu ambao huvinywea pombe, aliambiwa kama hakupata vingine avioshe, kisha avitumie. Basi kama chombo kinatumika kikishaoshwa, kukiweka kabatini ni jambo jepesi zaidi.

Tazama hiyo kubwa ya kahawia yenye maandishi ya brashi ubavuni. Hilo ni jina la duka. Zama za Edo (1603–1868) na Meiji baada yake, muuza pombe alimwazima mteja chupa ya namna hiyo, ikiisha anairudisha ijazwe tena kutoka kwenye pipa, mpaka chupa za kioo zilipoziondoa sokoni. Lakini chupa za umbo hilohilo zilitiwa pia siki na sosi ya soya. Huko Hasami wafinyanzi walitengeneza chupa nyeupe ambazo Waholanzi walizisafirisha kupitia Nagasaki, nyingine zimeandikwa ZOYA, yaani soya, nyingine ZAKY, yaani sake. Tanuri ni lilelile, na mfinyanzi huenda ni yuleyule. Herufi ndizo zinazokuambia kilichotiwa ndani.

Zile za Bizen, eneo jingine la wafinyanzi wa Japani, hazipakwi rangi ya kung'aa, kwa hiyo udongo wake huenda umenyonya kitu. Ziloweke kwa maji ya vuguvugu, mwaga, rudia mpaka harufu iishe.

Ila hao pacha wawili, hapo nasimama. Hizo ni za kuwekea sake mbele ya miungu yao. Hata zikiwa tupu na safi, zilifinyangwa kwa ajili ya ibada ya asiyekuwa Allah, nami sipendi zikae katika nyumba inayosaliwa. Na huyo Ebisu ni sanamu kamili, ana uso na tumbo, na Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa malaika hawaingii nyumba yenye picha. Vitoe vyote vitatu. Usimuuzie atakayevirudisha madhabahuni, maana huko ni kusaidiana katika dhambi. Ukipata jumba la makumbusho litakalovipokea, wape.

Hizo 11 zilizobaki, hakuna ubaya. Wazee wetu wa pwani walipanga vyombo vya kauri kwenye zidaka za nyumba zao, na pale Kunduchi walipachika mabakuli ya Kichina kwenye nguzo za makaburi. Mapenzi ya chombo kizuri si mageni kwetu. Ila usiwakaribishie wageni kwa kuwamiminia maji kutoka kwenye tokkuri kwa vikombe vyake vidogo, kwani wanazuoni wamechukia kuiga mkao wa walevi hata kinachonyweka kikiwa halali. Usinunue kwa pesa ya matumizi ya watoto. Na zile unazonunua kwa nia ya kuuza ni mali ya biashara, ukitimia mwaka zihesabu na utoe zaka asilimia 2.5.

Mkeo amekuonea wivu wa dini, mshukuru. Msomee jibu hili, muanze pamoja kwa kuwatoa wale pacha, na hizo nyingine ziende chumba atakachoridhia yeye.

Wallahu a'lam.