Nguo haitupwi, inashushwa cheo

Mkuu, swali lako nimelisoma jana usiku nikiwa nafunga banda. Umesema una kabati moja, ndani yake nguo ulizoanza kununua tangu uko chuo: jinzi tatu zimeisha mapajani, fulana hazina idadi, boksa zimelegea lastiki, na shati ulilofungia ndoa limechanika kola. Shemeji amekupa mpaka mwisho wa mwezi, zitoke au azitoe yeye. Unauliza nguo ichakae kiasi gani ndipo mtu aiache bila kujutia.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tandika, Dar, huu mwaka wa 22. Kabla ya hapo nilikuwa nauza mitumba soko la Karume, Ilala. Kwa hiyo nguo nimezijua zikiingia mjini na nimezijua zikifa. Walionitangulia kujibu wamekupa kanuni ya mwaka mmoja, kwamba usichokivaa miezi kumi na miwili toa. Samahani wakuu, hiyo siikubali. Nina kanzu nzito naivaa Idi mbili na maulidi, nina koti la suti linatoka kwenye mfuko wake kwa harusi za watu wa karibu tu. Kuna mwaka halikutoka kabisa. Nilitoe kwa sababu ndugu zangu hawakuoa?

Nguo iangalie kitambaa, usiihesabie miaka. Watu wengi wanaokuja bandani kwangu na kauli ya "fundi, hii nadhani basi tena", ukiishika unakuta kilichokufa ni uzi. Mshono umefumuka, zipu imeng'oka meno, pindo limeshuka, kifungo hakipo. Hiyo nguo ni nzima, ni kama nyumba iliyopotelewa na komeo. Dakika kumi imerudi barabarani. Hata huhitaji kuja bandani, wale vijana wanaopita mitaani na cherehani begani wakigonga mkasi watakumalizia hapo hapo kibarazani.

Kitambaa kikifa ni habari nyingine. Nguo ipeleke dirishani mchana, taa ya umeme inadanganya. Nyoosha sehemu zinazosuguana: kwapani, katikati ya mapaja, pale kola inapokunjika, na makalio kama ni mtu wa bodaboda. Mwanga ukipita hapo kama unavyopita kwenye chandarua, na pembeni yake kitambaa bado kimefunga, ujue pameisha. Kisha shika kwa vidole gumba viwili, vikiwa karibu karibu, uvute taratibu. Kitambaa kizima kinakukatalia. Kilichokufa kinatoa kisauti kama cha karatasi iliyolowa, nyuzi zinaachana moja moja mbele ya macho yako. Hapo sindano yenyewe ni adui, kila inapotoboa inaongeza tundu.

Jinzi zako tatu zipitishe kwenye kipimo hicho moja moja. Iliyotoboka msambani mara ya kwanza inazibika: fundi anaweka kipande kwa ndani, kikubwa kuliko tundu, anapita na cherehani mbele na nyuma mpaka panakuwa kama mkeka. Kwangu ni 3,000. Ikitoboka mara ya pili, mahali pengine, ziba. Ikitoboka pembeni mwa kiraka kile kile, mwambie fundi akurudishie. Kiraka ni kigumu na kitambaa kimelainika, kiraka kitashinda kila siku na wewe utakuwa unalipia matundu mapya. Fundi atakayekuambia bado inafaa anatafuta hela ya chakula cha mchana. Hata kama fundi huyo ni mimi.

Sasa nije kwenye kichwa cha habari nilichoweka.

Nimelelewa na mama aliyepitia ile njaa ya nguo ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wakati doti moja ya khanga ilikuwa jambo la kupanga foleni tangu alfajiri na kurudi mikono mitupu. Vijana mnaosikia Urafiki mkadhani ni timu ya mpira, kilikuwa kiwanda cha nguo hapa hapa Dar, kimejengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Wachina. Mama alikuwa na khanga moja aliyoipenda, rangi ya ugoro na nyekundu, jina lake Usiache Mbachao kwa Msala Upitao. Na alikuwa na sheria yake ambayo hakuitangaza, tuliiona tu. Khanga ni ya kutokea maadamu jina linasomeka. Jina likianza kufifia, mtu akilazimika kusogea ili alisome, khanga inaingia jikoni na kulalia. Ikishalainika kabisa ndiyo inakuwa mbeleko, maana mtoto mchanga hafungwi kwenye khanga mpya yenye wanga. Mdogo wangu wa mwisho amebebwa na ile ile. Kutoka mbeleko ikakatwa winda. Kutoka winda ikawa ya kushikia sufuria, kutoka hapo dekio. Nakumbuka siku moja nadeki ukumbini, niko darasa la tano hivi, nikaona chini ya mkono wangu herufi zilizobaki: "mbach". Miaka kumi na kitu, na ilikuwa bado inafanya kazi.

Ndiyo maana nasema inashushwa cheo. Ya kutokea inakuwa ya kushindia, ya kushindia inakuwa ya kulalia au ya kazi, mwisho tambara. Tatizo la kabati lako, mkuu, kwa jinsi ulivyolieleza, si kwamba nguo ni kuukuu. Zote umeziacha kwenye cheo kimoja. Fulana ya mwaka wa kwanza chuoni imekunjwa pamoja na fulana ya juzi, na asubuhi ukiwa na haraka mkono unatoa ile ya zamani, unatoka nayo, na shemeji anaona aibu kwa niaba yako. Siku ya Jumapili zitoe zote kitandani uzigawe vyeo. Za kutokea tu ndizo zirudi kabatini. Za kushindia weka kwenye droo au begi. Zilizobaki zichukulie mkasi siku hiyo hiyo.

Mkasi nausisitiza. Nguo uliyoiamua kuwa tambara bila kuikata, ndani ya wiki mbili imerudi mwilini. Nimeliona kwangu. Ikate mikono, ikate mgongo, hapo hakuna kurudi. Kabla ya kukata, toa vifungo na zipu. Mimi nina kopo la maziwa ya unga limejaa vifungo tangu nianze kazi, na hakuna mwezi unaopita sijalifungua.

Tambara nalo lina sifa zake. Pamba ndiyo tambara. Fulana ya pamba iliyoisha inakunywa maji kuliko taulo jipya, na mafundi wa gereji wanazipenda, peleka mfuko mmoja kwa fundi wa gari lako uone atakavyokupokea. Polista haifai kudekia, inayasukuma maji kutoka kona hii kwenda kona ile. Kama hujui unachoshika, chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti juu ya sahani ya bati. Pamba inawaka kama karatasi, inaacha majivu. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Kwa sababu hiyo hiyo usizichome uani pamoja na takataka. Ule moshi si wa kuvuta, na yale matone yanayoyeyuka yakimwangukia mtoto hayabanduki kwenye ngozi. Polista nyembamba zikate vipande ujazie mto wa kukalia, au zikae kwenye gari za kufutia vioo.

Nimebakiza kutoa sadaka. Karibu wote hapo juu wamekuambia "wape wasiojiweza", na hapa ndipo nilipokuja kuandika.

Karume tulikuwa tunafungua robota la kilo 45. Unalinunua limefungwa, hujui kilicho ndani, unaona tu maandishi ya nje. Ukikata zile kamba nguo zinaumuka kama mkate, na wewe unaanza kuchambua ukiomba Mungu. Za juu unazitundika. Za kati unazipanga mezani. Za chini unazimwaga kwenye turubai jioni, mia tano mia tano. Wenzetu wa Gikomba kule Nairobi zile za kwanza wanaziita kamera, na zile za mwisho wanaziita fagia, na ni fagia kweli. Katika hizo za chini ndimo nilimokuwa nakuta mashati yenye kwapa za njano zilizokauka kama gamba, soksi ya mguu mmoja, suruali imepasuka makalio. Nilikuwa naishika nasema peke yangu: huyu aliyetoa alidhani anampa nani? Mtu kakaa Ulaya huko kaitia kwenye boksi la msaada, katoka hapo roho kweupe, na hasara nimeila mimi Ilala.

Nilisema hivyo miaka. Halafu 2017 nikafanya lile lile.

Nilifunga fuko la nguo zangu kwenda nyumbani Muheza, kwa dada. Ndani yake kulikuwa na shati la bluu la mikono mirefu. Lile shati nalijua. Kwapa ya kulia nilikuwa nimeishona mara mbili kwa mkono wangu na nilijua mara ya tatu haitashika, nilishalipima dirishani. Lakini kwa mbele lilikuwa linang'aa, kola nzima, nikasema kijijini litamfaa mtu. Mwezi mmoja baadaye nikaenda kula Idi ya mfungo mosi huko huko. Asubuhi kiwanjani, mpwa wangu, kijana wa miaka 15, amesimama safu ya mbele yangu kidogo upande wa kushoto. Amevaa shati la bluu. Limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata.

Wanaosali wanajua, swala ya Idi rakaa ya kwanza ina takbira saba, na kila takbira mikono inapanda. Ya kwanza salama. Ya pili salama. Ya tatu nikasikia kile kisauti. Ya nne nikaona fulana ya ndani. Kijana takbira zilizobaki aliinua mkono mmoja, wa kulia akaubana ubavuni. Nyumbani pilau alikula hivyo hivyo, kiwiko kimeshikamana na mbavu, na watu wanamtania kwamba anaficha nini. Hakumwambia mtu. Mimi nilikaa mkeka mmoja naye na sikuwa na la kusema, maana mimi ndiye fundi.

Tangu siku hiyo nguo ya kumpa mtu naipima kwa swali moja: mgeni akibisha hodi sasa hivi, naweza kutoka nayo sebuleni? Kama siwezi, simpi mtu, naikata mwenyewe. Na ile ya kutoa naitoa imefuliwa, imepigwa pasi, vifungo vimetimia. Zipu mbovu naibadilisha kwanza, hela yangu. Kuna wanaosema maskini hachagui. Waambie wakakae Karume siku moja waone mama mwenye 2,000 mkononi anavyoigeuza nguo ndani nje, anainusa, anaivuta kwa vidole gumba kama nilivyokueleza, kisha anairudisha chini bila kuuliza bei.

Nguo za ndani sina maneno mengi. Boksa ikilegea lastiki imeisha, haipewi mtu. TBS, shirika la viwango la Tanzania, wenyewe wamezipiga marufuku za mtumba kuingia nchini, japo mitaani zinauzwa mchana kweupe. Kata, funga kwenye mfuko, tupa. Soksi zilizotoboka vidole zinafaa kupigia kiwi viatu, basi. Ya nguo za marehemu umegusia kwenye swali lako, kwamba baadhi ni za baba yako. Hizo usiziingize kwenye zoezi hili la mwisho wa mwezi. Weka pembeni, mkae na ndugu zako, kila mtu achague anachotaka kubaki nacho kabla mkasi haujatajwa. Mimi shati la baba nililipunguza mabega na bado nalivaa.

Limebaki shati la ndoa. Umesema kola tu ndiyo imechanika, kwenye mkunjo, kwingine zima. Basi hilo usilitoe, wala usiliache litundikwe tu. Kola ya shati ina nyuso mbili, na iliyochakaa ni moja, ile ya nje inayosuguana na shingo na ndevu. Fundi anaifumua pale inapoungana na ukosi, ule utepe unaozunguka shingo, anaigeuza, upande uliokuwa umejificha chini unakuja juu, anairudishia. Mafundi wa zamani walikuwa wanafanya kila siku, vijana wengi siku hizi watakuambia haiwezekani kwa sababu hawajawahi kuulizwa. Mwambie afumue kwa wembe taratibu, asikate hata kidogo kwenye shingo, na atumie uzi wa rangi ile ile ya mshono wa zamani, shati jeupe la miaka saba halina weupe wa uzi mpya. Kama kola yako ni ile ambayo ncha zake zinafungwa kwa vifungo haitageuka, kwa hiyo angalia hilo kwanza kabla hujapanda daladala.