Bakuli linaelea, dele la shaba linaonekana la plastiki

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu. Nakaa Mji wa Kale, Mombasa, na tangu mwezi jana nachora vyombo vya nyumbani: dele la shaba la kahawa la nyanyangu, bakuli la kauri lenye maua, na nusu ya nazi. Naviweka mezani karibu na dirisha, na taa ya dari naiwasha ili nione vizuri. Bakuli laonekana linaelea, kama linataka kuanguka. Dele, hata nikilitia nyeupe nyingi, laonekana la plastiki. Halafu karatasi yajikunja na rangi ya maji yafanya madoa. Mtandaoni wasema nitafute dirisha la kaskazini. Rafiki yangu aniambia niache rangi ya maji, nihamie akriliki au rangi ya mafuta. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, binti yangu. Rafiki yako mshukuru, lakini usimfuate bado. Ukihamia akriliki leo, kesho utakuwa na bakuli linaloelea la akriliki.

Picha uliyoambatisha nimeitazama, na kilichonigusa jicho kwanza si rangi, ni vivuli. Dele lako lina viwili. Kimoja kimelala kuelekea kulia, hicho ni cha dirisha. Cha pili kimejikusanya chini ya kitako, hicho ni cha taa ya dari. Wewe umevichora vyote, hafifu, ukaona aibu ukavipangusa kidogo. Basi zima taa. Kama chumba kina madirisha mawili, funga moja. Chombo kinakaa mezani kwa sababu kina upande mmoja wa mwanga, upande mmoja wa kiza, na kivuli kimoja kilichoshikana nacho mguuni. Pale kitako kinapogusa meza pana ufa mwembamba wa kiza, mweusi kuliko kivuli chote kilichobaki. Ufa huo ukiukosa, hata bakuli la chuma litapaa.

Chumba kikikushinda, omba katoni dukani. Kata uso wa mbele na ubavu mmoja, tandika ndani kitambaa cha rangi moja kisichong'aa, uelekeze ule ubavu uliokatwa dirishani. Nyumba za kale za kwetu zina kitu kama hiki ukutani, vile vidaka vya chokaa vya kupangia sahani na mabakuli ya kauri. Mwanga unaingia kwa upande ulio wazi tu, nyuma panabaki kiza, na bakuli linatokeza lenyewe. Kama nyumba ya nyanya ina kidaka kimoja kilichosalia, una bahati. Mimi nachora kwenye katoni.

Sasa hilo dirisha la kaskazini. Kanuni hiyo ni ya wachoraji wa Ulaya, na kwao ni sahihi, kwa sababu jua lao la mchana halipiti kaskazini. Sisi tuko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hivi hadi mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri linapita kaskazini yetu; miezi iliyobaki linapita kusini. Kwa hivyo wakati wa kaskazi tumia dirisha la kaskazini, na wakati wa kusi tumia la kusini. Ni rahisi kukumbuka kuliko kanuni ya Ulaya. Unachokitafuta ni mwanga wa mbingu, si mshale wa jua, kwa sababu jua linatembea nyuzi 15 kila saa na kivuli chako kinatembea nalo. Kama huna dirisha jingine, chora kingo za vivuli katika dakika kumi za kwanza, kisha usiziguse tena hata zikihama mezani. Na uangalie ukuta wa jirani: vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na ukuta wa manjano ng'ambo ya pili utakuletea mwanga wa manjano bila kukuambia.

Tuje kwenye bakuli. Mdomo wake umeuchora vizuri, umeufungua kama inavyotakiwa. Lakini kitako umekichora kwa mstari ulionyooka, kwa sababu unajua bakuli halijapinda chini. Huo ndio ugonjwa wa kila mwanafunzi: mkono unachora linalojulikana, jicho linaona jingine. Duara likitazamwa kwa mshazari huwa duaradufu, na kadiri linavyoshuka chini ya usawa wa macho yako ndivyo linavyofunguka zaidi. Kitako kiko chini kuliko mdomo, kwa hivyo kitako ndicho kinachofunguka zaidi, hata kama ni kidogo. Pima kwenye karatasi yako. Kama mdomo una upana wa sentimita 12 na umefunguka sentimita 3, basi kitako chenye upana wa sentimita 6 hakiwezi kufunguka sentimita moja na nusu tu. Kitapita hapo. Chora duara lote la kitako, hata sehemu isiyoonekana, kana kwamba bakuli ni la kioo. Halafu futa ya nyuma.

Angalia pia pembeni za hiyo duaradufu. Zako zimechongoka kama omo na tezi la dau. Duaradufu haina ncha, pembeni inageuka kwa upole, hata ikiwa nyembamba sana. Na mdomo wa bakuli una unene, kwa hivyo una duara mbili, ya nje na ya ndani, na ukingo wa mbali huonekana mwembamba kuliko wa karibu. Ukitaka kuliona hili wazi, nenda Ngome ya Yesu na penseli. Katika makumbusho pale mna vyombo vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Chombo cha kale kilichovunjika ni mwalimu mzuri: kinakuonyesha unene wa ukuta wake, jambo ambalo kizima kinakuficha.

Dele ndilo lenye utamu. Umelipaka manjano, ukaongeza nyeupe ili ling'are, na kadiri ulivyoongeza ndivyo lilivyozidi kufa. Shaba haina rangi yake ya kukaa nayo. Shaba iliyosuguliwa ni kioo kilichovimba tumboni. Hili langu ninalolitazama ninapoandika lina dirisha zima upande wa kushoto, limepinda kama utepe, na nondo zake zinahesabika. Chini yake pana mstari mwekundu, ni leso niliyotandika mezani. Katikati pana kitu cheusi chenye kichwa kidogo na mabega mapana: ni mimi. Weusi huo umepakana na dirisha lile bila kitu kati yao, mweusi sana kando ya mweupe sana, na mpaka mkali. Hapo ndipo mng'aro unapotoka. Plastiki hubadilika polepole kutoka mwangani kwenda kizani; shaba huruka. Kwa hivyo acha nyeupe, tafuta weusi wako uko wapi. Bana macho mpaka maua ya bakuli yapotee, utauona.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalitambui. Mmeto wa bakuli ni wa rangi ya mwanga wenyewe: mwanga wa mbingu ukiwa na ubuluu, mmeto una ubuluu, hata kama ua lililo chini yake ni jekundu. Mmeto wa shaba hutiwa rangi na shaba. Karibu kila kinachoonekana ndani ya dele kimepita kwenye chujio la manjano, hata shati lako jeupe. Ukilikamata hili, mtu atajua kipi ni shaba na kipi ni kauri bila kuambiwa. Na kiza cha shaba usikitie nyeusi ya kopo, changanya kahawia na kijani kidogo.

Kuhusu nyenzo sasa. Mimi ningekurudisha nyuma kwanza, uchore vyombo hivi hivi kwa mkaa, mara tatu au nne, bila rangi yoyote. Mkaa unakulazimisha kufikiri kiza na mwanga tu. Makaa ya jikoni ni magumu, yanakwaruza karatasi, tengeneza yako. Chukua vijiti vikavu vilivyomenywa ganda, unene wa penseli, vijaze kwenye kopo la bati lenye kifuniko, toboa tundu dogo, lifukie kwenye makaa ya jiko. Moshi utatoka tunduni. Ukikatika, toa kopo na uliache lipoe kabisa. Narudia, kabisa. Mara ya kwanza nililifungua la moto kwa uroho wa kutaka kuona, hewa ikaingia, vijiti vyote vikageuka majivu mbele ya macho yangu. Mke wangu bado anacheka.

Rangi ya maji haina kosa, kosa ni la karatasi. Hiyo ya kopi ni gramu 80 kwa mita mraba; ikinywa maji nyuzi zake zinavimba, haina budi kujikunja. Tafuta ya gramu 300, hata kama utanunua shiti moja ukaikata vipande vinne, na uibandike kwenye ubao kwa utepe pande zote kabla ya kuanza. Yale madoa yenye kingo zilizochanika kama wingu hutokea unapogusa sehemu yenye unyevu kwa brashi yenye maji zaidi. Hapa pwani, wakati wa masika hasa, karatasi huonekana imekauka na bado. Iguse kwa mgongo wa kidole: ikiwa baridi, ngoja. Nyeupe ya dele ni karatasi yenyewe, kwa hivyo panga mapema wapi hutagusa. Na mvua zikianza usirundike karatasi kabatini, kuvu wanazipenda.

Akriliki ni kinyume chake. Chini ya feni hukauka kwa dakika chache, na ikishakauka hairudi kuwa maji, wala brashi uliyoisahau haitarudi kuwa brashi. Zima feni, weka kitambaa kibichi chini ya karatasi unayochanganyia rangi. Ikikauka hukoza kidogo, basi ichanganye nyepesi kuliko unavyotaka. Kwa dele ni nzuri, kwa sababu unaweza kuweka mmeto mwishoni kabisa juu ya kiza. Rangi ya mafuta iache kwa sasa: haikauki kwa maji kuondoka, hukauka kwa kushikana na hewa, siku na siku, na viyeyusho vyake chumba kidogo hakivitaki. Siku utakapoianza, matambara yenye mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke, usiyafinyange ukayatupa pipani. Yanaweza kuwaka yenyewe.

Na usitafute vyombo vingine. Giorgio Morandi wa Bologna, aliyefariki 1964, alichora chupa na vikopo vile vile miaka nenda miaka rudi, akivisogeza tu. Ukichoka na rangi, kata leso kuukuu ubandike mahali pa kitambaa cha meza. Picasso alibandika kitambaa kilichopakwa mafuta kwenye picha mwaka 1912 na hakuna aliyemkamata. Ila leso ina jina. Ukilikata katikati, soma kilichobaki kabla hujatundika picha sebuleni, wageni wasije wakadhani umewapiga kijembe.

Nazi ianze kuchorwa kabla ya vyote. Nyama yake si nyeupe kama unavyodhani: upande wa kiza una kijivu chenye ubuluu, na huenda ukawa mweusi kuliko mmeto wa dele. Iweke kando ya kipande cha karatasi utaona. Kwa joto letu huna zaidi ya asubuhi moja kabla haijaanza kuteleza na kunuka, kwa hivyo adhuhuri ipeleke kwenye mbuzi ikunwe iingie mchuzini, na kesho uvunje nyingine.