Upepo wa tairi kwenye matope, Karura hadi Tigoni

Umeuliza ujaze upepo kiasi gani kwenye tairi za baiskeli zenye upana wa milimita 40 kwa safari ya msitu wa Karura, Nairobi, hadi bwawa la Tigoni, Limuru, msimu huu wa mvua. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, kwa tairi zisizotumia tyubu: PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) 28 mbele, 32 nyuma. Kama una tyubu usishuke chini ya 38, la sivyo mzizi mmoja tu utaibana kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba.

Lakini ndugu, upepo si tatizo lako kubwa. Udongo ndio. Mwekundu wa kupanda Limuru unateleza, ila hubanduka. Ule mweusi wa upande wa Kitengela, kusini mwa Nairobi, ni gundi: hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakwama, na ukilazimisha pedeli, cheni huvuta gia ya nyuma hadi kile kipande cha alumini kinachoishika kwenye fremu kikatike. Shuka, kwangua matope kwa kijiti, beba baiskeli begani. Kipande cha akiba kinunue mapema. Kila fremu ina chake, fundi wa mtaani hatakuwa nacho.

Dawa ya kuziba matundu weka mililita 60 kila tairi. Mwiba wa mgunga ukichoma, ung'oe, zungusha gurudumu tundu likae chini, subiri kidogo ndipo uongeze upepo.

Karura pitia njia za baiskeli tu, na huko juu Tigoni beba koti. Baridi yake haina mzaha.