Diski zinasingiziwa: maswali yenu kuhusu seva nzito

Maswali ya mara hii karibu yote yana kilio kimoja: seva imekuwa nzito, watu wanalalamika, na lawama zote anabebeshwa diski. Nimechagua yale ambayo jibu lake liko kwa kontrola, ile kadi inayokaa kati ya seva na diski na kuziunganisha kwa RAID, mpango wa kuzifanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja.

Fundi, habari za kazi. Nimenunua seva ya mtumba, HP ProLiant yenye kadi ya Smart Array P410, nikaweka diski 4 za SATA kwa RAID 5. Kusoma haina shida, ila kuandika ni aibu, hasa hifadhidata ya MySQL. Nikaambiwa diski mbovu, nikabadilisha zote. Hali ni ileile. (Duka la jumla, Morogoro)

Nzuri, na pole kwa hela ya diski. Kabla hujatoa nyingine, endesha `ssacli ctrl all show config detail`, au `hpacucli` kama programu zako ni za zamani, kisha soma mistari inayotaja kashe (kumbukumbu ya haraka iliyo kwenye kadi) na betri inayoilinda umeme ukikatika. Nabashiri utakuta kashe ipo, MB 256, na betri hakuna. P410 yenye kashe isiyo na betri huitumia kwa kusomea tu. Kila ombi la kuandika linasubiri mpaka diski yenyewe ikiri kwamba imepokea. Kwenye seva za mtumba ni jambo la kawaida: kashe ipo bila betri, na mashine inawaka vizuri tu.

Sasa tupige hesabu. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Jumlisha muda wa kichwa kuhama huku na huko, unabaki na kazi kama 80 kwa sekunde data ikiwa imetawanyika. Diski 4 zinatoa 320. Lakini kwenye RAID 5 ombi moja dogo la kuandika huzaa kazi 4: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani (hesabu ya ziada inayorudisha data diski moja ikifa), kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. 320 gawanya kwa 4, umerudi kwenye 80, yaani uwezo wa diski moja. Ukurasa wa InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, ni KB 16, kwa hiyo seva yako nzima inaandika kama MB 1 na robo kwa sekunde. Hapo hakuna kilichoharibika. Hata ungeweka diski mpya kabisa, jibu ni hilohilo.

Tafuta moduli ya kashe ya MB 512 au GB 1 pamoja na betri au kapasita (kifaa kidogo kinachotunza umeme) yake. Ukiikosa, hamisha data, vunja RAID 5 na utengeneze RAID 1+0, ambako kila data ina nakala kwenye diski mbili na ombi la kuandika hugharimu kazi 2 badala ya 4. Kuna watakaokushauri `modify dwc=enable`, inayowasha kashe iliyo ndani ya diski zenyewe. Kasi utaipata kweli. Umeme ukikatika, mauzo ambayo diski ilidai imeshayaandika yanaweza yasiwepo, na bosi hatamuuliza aliyekushauri. Mimi kwenye seva ya mauzo siiwashi.

Kila baada ya miezi mitatu hivi seva yetu ya Dell yenye kontrola ya PERC 6/i inakuwa nzito kwa saa kadhaa, kisha inapona yenyewe. Mafundi wakifika imeshapona. Wengine wanasema ni kirusi.

Si kirusi, wala si jini. Betri ya kontrola inajipima. Kadi za kizazi hicho humaliza chaji yote ya betri na kuijaza upya, kwa kawaida kila siku 90, ili zijue kama bado inashika. Wakati huo kadi haina uhakika na betri, basi inaacha kuandika kupitia kashe na kupeleka kila kitu moja kwa moja kwenye diski. Toa kumbukumbu za matukio kwa `MegaCli -AdpEventLog -GetEvents -f matukio.txt -aALL`, utakuta "Battery relearn started" na karibu yake "Policy change on VD". Linganisha saa na malalamiko ya wafanyakazi.

Zoezi lenyewe msilizime. Lianzisheni wenyewe Jumapili usiku kwa `MegaCli -AdpBbuCmd -BbuLearn -aALL`, msisubiri likaangukia mwisho wa mwezi mchana. Likiisha na kadi isirudi kwenye kashe, betri imezeeka, nunueni nyingine.

Nimeweka SSD za kawaida za dukani, zile za kompyuta. Kunakili mafaili ni haraka sana, lakini PostgreSQL bado inajikokota. Mbona?

Hifadhidata kila inapokamilisha muamala hudai uhakika kwamba data imetua. SSD nyingi za dukani hazina kapasita za kulinda kashe yao umeme ukikatika, kwa hiyo ombi hilo linazilazimisha kusubiri chipu zenyewe. Pima kwa `fio --name=jaribu --filename=/data/jaribu --size=1G --rw=write --bs=4k --fsync=1`. Ukipata maandiko (IOPS) mia kadhaa tu kwa sekunde, umeshajua. Unaponunua nyingine, uliza SSD za seva zenye ulinzi wa umeme.

`iostat`, programu ya kupima kazi za diski, inaonyesha diski ina kazi 100% muda wote, lakini RAID inasema kila kitu "Optimal", yaani kizima. Nimwamini nani?

Wote wawili, dada. `iostat` haizioni diski zako. Inaona diski moja ya kubuni ambayo kontrola imeionyesha. Diski moja ikianza kuchoka, ikawa inarudia kusoma sekta ileile, kundi zima linaisubiri, na kontrola bado haijaihesabu kuwa imekufa. Chungulia nyuma ya pazia kwa `smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda`, kisha badilisha hiyo 0 kwa namba ya kila diski; `storcli /c0/eall/sall show` itakupa namba hizo kwenye safu ya DID. Angalia `Current_Pending_Sector` na `Reallocated_Sector_Ct`. Yenye namba zinazopanda ndiyo mchawi wako.

Kama zote ni safi, soma modeli. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski, zikiwemo WD Red za TB 2 hadi 6, zilitumia SMR bila wanunuzi kuelezwa. Hizo huandika njia zikipandana kama vigae vya paa, na zikiandikwa kwa mfululizo mrefu, kwa mfano RAID inapojengwa upya, hukwama vibaya. Hakuna mpangilio wa kontrola utakaozitibu.

Kontrola ya PERC H310 inafaa kwa ESXi (mfumo wa kuendesha seva kadhaa za kubuni ndani ya moja) yenye mashine pepe 10?

Haifai. Haina kashe kabisa, na foleni yake, ikiwa na programu ya ndani ya Dell, ni maombi 25 tu kwa kadi nzima. Gawia mashine 10 uone. Tafuta H710 ya mtumba, na usilipe kabla hujaiona betri.