Ufukweni Kigoma na mtoto mdogo: panga siku kwa saa za ziwa

Ukimpeleka mtoto wa miaka miwili au mitatu ufukweni Kigoma, cha kwanza kupanga ni saa. Hoteli, chakula na nguo vifuate baadaye. Muda mzuri wa mtoto majini ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 4. Jioni mnaweza kurudi kuanzia saa 10:30 mpaka saa 12 hivi. Katikati hapo mtoto awe kivulini, ameshiba, amelala. Wazazi wengi hufanya kinyume: wanachelewa kuamka, wananywa chai taratibu, wanashuka ufukweni saa 5, kisha wanashangaa mtoto analia siku nzima.

Sababu ya kwanza ni jua lenyewe. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini inafuata saa ile ile ya Dar es Salaam. Mwezi Juni jua linachomoza saa 1 asubuhi imeshapita, na linafika utosini karibu saa 7 mchana. Mgeni aliyezoea pwani anaona saa 9 alasiri jua limeshalegea, anamvua mtoto fulana. Kigoma saa 9 bado linachoma kama saa 8 na dakika zake za Dar. Tena fukwe nyingi za huku zinatazama magharibi, kuelekea milima ya Kongo, na zile zenye kilima mgongoni hubaki na kivuli mchangani asubuhi. Kivuli hicho ni cha bure, kitumie.

Sababu ya pili ni upepo. Ziwa Tanganyika halina maji kupwa na kujaa kama bahari, kwa hiyo kinachobadilisha ufukwe kwa siku ni upepo. Asubuhi maji mara nyingi yametulia, unaona mpaka kokoto za chini. Mchana upepo wa kutoka ziwani ukishika, mawimbi yanapanda, na wimbi linalomfika mtu mzima magotini linamfika mtoto kifuani na kumvuta miguu. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, kuna siku mawimbi hayapoi kabisa. Siku hiyo mtoto acheze mchangani na ndoo yake, majini asiingie.

Ya tatu ni kichocho. Wapo wanaosema ziwa hili ni safi mno kuwa na kichocho. Si kweli. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini, na hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, kuanzia saa 4 asubuhi hadi alasiri. Wanakaa palipotulia: penye matete, kwenye midomo ya mito, na karibu na makazi ambapo watu wanafua, wanaoga na kujisaidia. Ufukwe wa wazi unaopigwa na mawimbi, mbali na kijiji, una hatari ndogo zaidi, ingawa si sifuri. Mtoto akitoka majini mfute hapo hapo kwa taulo kavu, umsugue hasa miguu na mikono, usisubiri akaukie juani. Kufuta kunapunguza tu hatari, hakuiondoi; ndiyo maana uchaguzi wa mahali na saa una uzito kuliko taulo.

Sasa kina. Hapa hatusemi kwa kutisha. Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, mita 1,470 pale penye kina kirefu kabisa, na ukingo wake una tabia hiyo hiyo ya kushuka ghafla. Bahari ya Kunduchi au Bagamoyo unaweza kutembea mbali maji yakiwa ya goti. Huku hatua chache baada ya maji ya goti, chini panaweza kukatika. Kabla mtoto hajagusa maji, mtu mzima anayejua kuogelea aingie kwanza, atembee upana wote wa sehemu mtakayocheza, atafute pale panapokatika, na aweke alama nchi kavu: jiwe, mti, au kanga mliyotandika. Mtoto asivuke alama hiyo. Kesho yake rudieni kupima, kwa sababu mawimbi ya usiku huhamisha mchanga.

Maji yakimfika mtoto kitovuni, mtu mzima awe karibu kiasi cha kumshika kwa mkono bila kupiga hatua. Mkiwa watu wazima kadhaa ndipo hatari inapozidi, maana kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Tajeni jina: "Sasa ni zamu ya shangazi." Zamu iwe dakika 20, na mwenye zamu hashiki simu, hapigi picha, hageuki kuchoma samaki. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono. Anazama kimya, na ni suala la sekunde.

Maboya ya kupuliza yanayouzwa madukani ni ya kuchezea tu, upepo wa kutoka nchi kavu unayasukuma kati pamoja na mtoto. Nunua jaketi la kuokolea la mtoto lenye uzito wake ulioandikwa ndani, lenye kola ya kuinua kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Lipime hivi: mvalishe, funga mikanda yote, kisha inua jaketi kwa mabegani. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa. Hoteli nyingi na boti zina majaketi ya watu wazima, na hayo mtoto huchomoka kwa chini. Bora uje na lako.

Ikitokea mtoto ametolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo. Bado watu wanafanya hivyo, na dakika zinapotea. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni hadi kifua kiinuke. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa kasi, pumzi 2, tena 30, bila kuacha, huku mwingine akipiga 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Akizinduka, hata akianza kucheka, apelekwe hospitali akachunguzwe. Mjini Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ni Maweni. Muulize mwenye bajaji njia ya kwenda huko siku ya kwanza, kabla hujaihitaji.

Ufukwe unaojulikana zaidi kwa familia ni Jakobsen, upande wa Katonga, kusini magharibi mwa mji. Una kiingilio, miti ya kivuli na vighuba vidogo vyenye mchanga. Daladala za Katonga hazikufikishi mlangoni, kuna mwendo wa miguu, kwa hiyo ukiwa na mtoto na mizigo chukua bajaji na mkubaliane kabisa saa ya kurudi kukuchukua. Kuna pia hoteli zenye ufukwe wao mjini. Popote unapochagua, omba picha ya ufukwe iliyopigwa wiki hii. Maji ya ziwa yamepanda sana miaka ya karibuni na fukwe kadhaa zimeliwa. Picha za mtandaoni zinaonyesha mchanga ambao leo uko chini ya maji.

Ukipiga simu mapokezi uliza mambo haya: chumba kiko ghorofa ya ngapi, na kama kuna baraza, nafasi kati ya nondo za ukuta wake ni kiasi gani, maana isizidi sentimita 10. Je, jiko litakubali kukupikia uji saa 12:30 asubuhi? Umeme ukikatika jenereta linawashwa usiku kucha au mpaka saa 4? Na bei ya mkazi ni ipi, kwani bei iliyoko mtandaoni huenda ni ya wageni wa nje.

Chandarua beba chako. Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na vyandarua vya hoteli mara nyingi vina matundu au havitoshi kuchomekwa chini ya godoro mkilala na mtoto. Beba na kamba ya mita 4 hivi ya kukifungia. Saa 12:30 jioni mtoto awe ameshaogeshwa na kuvaa mikono mirefu na suruali. Machweo ya Kigoma ni mazuri mno, na familia hunogewa nayo ufukweni mpaka giza; mtazame jua likizama, lakini miguu ya mtoto iwe imefunikwa.

Losheni ya jua iwe SPF 30 au zaidi, apakwe nusu saa kabla ya kutoka, arudiwe kila baada ya saa 2 na kila akitoka majini. Inunue kabla ya safari, usitegemee kuipata duka la karibu. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hapakwi, yeye akae kivulini na nguo nyepesi. Kwa mtoto mwenye ualbino saa tulizotaja ni za lazima, pamoja na kofia pana na nguo ya mikono mirefu hata ndani ya maji.

Pampasi ya kawaida usimwingize nayo ziwani. Inanyonya maji, inakuwa nzito, inamvuta chini na mwisho inapasuka. Mvalishe chupi ya kubana na kaptula yenye lastiki mapajani, na umpeleke msalani kabla. Avae makubazi yanayofungwa nyuma kwa sababu ya kokoto na vipande vya chupa. Mara ya kwanza akae majini dakika 15 tu, halafu atoke afunikwe kanga kavu. Maji ya ziwa si baridi kwa mtu mzima, lakini mwili wa mtoto unapoa haraka. Midomo ikibadilika rangi au akianza kutetemeka, ametosha.

Msimpeleke kwenye mawe makubwa ya ukingoni, hata kama maji yanaonekana ya kuvutia. Humo ndimo anamojificha swila wa majini, nyoka anayekula samaki. Hana ugomvi na mtu, lakini ana sumu kali, na mkono wa mtoto hupenya kila tundu. Mamba na viboko wako zaidi kwenye midomo ya mito na matete, kwa mfano kule Malagarasi unakoingia ziwani. Waulize wavuvi wa hapo ulipo, wanajua kilichoonekana wiki hii. Kwenye miti kuna tumbili. Chakula kikae ndani ya chombo chenye mfuniko wa kufunga, na mtoto asitembee na ndizi mkononi.

Kuhusu kula, Kigoma ni raha, ila samaki wa mtoto achaguliwe. Mgebuka ni mtamu lakini miiba yake ni midogo, si ya mtoto wa miaka miwili. Omba kuhe au sangala, vipande vikubwa vya mgongoni, kisha uvichambue wewe mwenyewe kwa vidole, kipande kwa kipande, kabla ya kuweka sahani mbele yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu huwa wachache na bei inapanda. Ukipanga likizo ya Juni, ulizia kwanza kama ziwa limefungwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, na kipindi kama hicho hoteli huwa na kuku na maharage. Mawese kwa mtoto ambaye hajayazoea yaanze na kijiko kimoja cha chai ndani ya mboga, la sivyo tumbo litaharisha na utadhani ni maji.

Maji ya kunywa na ya kusukutulia yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa. Uangavu wa ziwa usikudanganye, mkoa huu umepata kipindupindu mara nyingi. Beba pakiti 4 za ORS, chumvi ya kumrudishia maji mtoto anayeharisha, na usome kila pakiti inataka maji kiasi gani, kwani zipo za lita 1 na za nusu lita. Ukikosea, inakuwa chumvi nyingi au haisaidii. Syrapu ya paracetamol pimia kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, yaani mtoto wa kilo 12 anapata 120 hadi 180, kila baada ya saa 6.

Saa za mchana, mtoto akiamka, Ujiji panatosha. Ni karibu kwa bajaji, kuna makumbusho pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na miembe ya kukimbilia chini yake. Hifadhi ya Gombe iacheni mpaka akue. Watoto wadogo hawaruhusiwi kufuatilia sokwe, na mojawapo ya sababu ni kwamba mafua ya binadamu huwaua sokwe. Boti za abiria zinazokwenda huko kutoka Kibirizi, kaskazini mwa mji, nazo ni saa kadhaa juani.

Kwa wanaotoka Tabora na treni, inayopita Urambo na Uvinza, chukueni daraja la kulala, mtoto alale kitanda cha chini upande wa ukuta. Pampasi, uji wa chupa ya chai na maji viwe vya safari mara mbili ya ile iliyoandikwa kwenye ratiba.

Mkisharudi nyumbani, homa yoyote ndani ya mwezi mmoja ipimwe malaria siku hiyo hiyo, na umwambie daktari mlikuwa Kigoma. Kipimo cha kichocho kisifanywe mapema: minyoo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuanza kutaga, na kipimo cha wiki ya pili kitasema hana hata kama anao. Peleka choo cha mtoto maabara kati ya wiki ya 8 na ya 12. Akikutwa nacho, dawa ni prazikwanteli, na kiasi chake hupangwa hospitali kwa uzito wake.