Tunakwenda Kampala kuwahudumia wakimbizi: tubebe nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kiongozi wa idara ya umisheni katika usharika mmoja hapa Tabora mjini. Mwezi Agosti tunatarajia kuwatuma watu tisa Kampala, Uganda, wakakae wiki mbili na kanisa dogo la wakimbizi kutoka Kongo lililoko Nsambya. Tumekwisha kukusanya viroba kumi na viwili vya nguo, na vijana wanataka kupiga picha za kuwaonyesha wafadhili. Mzee mmoja wa kanisa anasema tumeanza vibaya, ila hakufafanua. Tafadhali utushauri.

JIBU: Ndugu yangu, mzee wenu ameona mbali, na ninadhani lililomkwaza kwanza ni viroba. Kampala ndiko liliko soko la Owino, ambako mitumba huuzwa kwa marobota, kwa hiyo mtasafirisha nguo kupitia Mwanza, Bukoba na Mutukula ili kuzifikisha mahali zilikojaa tele. Ziuzeni hapo Tabora, na nauli ya mizigo iungane na fedha hizo.

Sisi wa mikoa hii tukisikia neno mkimbizi tunaiona Nyarugusu, yaani kambi, foleni ya mgawo na kibali cha kutoka. Kampala sivyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, lakini msaada wa chakula na vipande vya ardhi huelekezwa kwenye makazi ya vijijini kama Nakivale na Kyaka II, hivyo aliyechagua kuishi mjini kwa kawaida hujilipia pango, karo na matibabu kwa jasho lake mwenyewe. Niliwahi kulala kwa familia moja ya Kikongo jijini humo: chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na mlangoni kandambili za mama zilizolika upande mmoja wa kisigino, kwa sababu kila siku alitoka na vitenge begani na hereni mkononi akavitembeza mtaa kwa mtaa mpaka jioni. Jumapili mama huyohuyo ndiye aliyekusanya sadaka ya kumsaidia mjane aliyefika wiki ile kutoka Uvira. Watu wa namna hiyo hawawasubiri ninyi ili huduma ianze, kwani wanahudumiana tangu zamani. Nawaomba sana mwende kuwa chini ya mchungaji wao na wazee wao, mfanye watakalowapangia, hata kama ni kufagia na kubeba viti.

Lakini mnayo hazina ambayo huenda hamjaitambua, nayo ni Kiswahili. Wageni wengi wanaokwenda kuwahudumia huhitaji mkalimani, na mitaani Kampala watu huzungumza Kiganda na Kiingereza, kwa hiyo mama wa Kivu aliyesoma kidogo kwa Kifaransa huketi mbele ya muuguzi asiweze kueleza mtoto ameanza kuharisha lini. Ikiwa kati ya hao tisa wamo walimu, mmoja anaweza kumfafanulia Kiingereza kwa lugha anayoielewa, na mwingine akamsindikiza zahanati. Msiwacheke wanaposema “batoto” au “aksanti”, kwa kuwa hicho ndicho Kiswahili chao na wana haki nacho kama sisi. Kila mtu mzima mwiteni mama au papa, kama wanavyoitana. Wiki mbili hazitoshi kuanzisha darasa jipya, basi ulizeni kama lipo linaloendelea, mwalimu wake mmpe nguvu na mmwachie vitabu.

Kuhusu picha, nina neno gumu. Wamo waliokimbia watu wanaowajua kwa majina, na hofu ya kufuatwa haikuishia mpakani. Sura ya mtu ikitumwa kwenye kundi la simu, hamna tena uwezo wa kuirudisha. Kwa hiyo msipige kabisa picha za nyuso, na wafadhili wenu waridhike na taarifa ya maandishi.

Jambo jingine litakalowafikia faraghani ni maombi ya kusaidiwa kwenda Marekani au Kanada. Elezeni kwa upole kwamba nchi inayopokea ndiyo huamua, tena utaratibu huo haulipiwi hata senti, na kwamba barua ya kanisa haimsogezi mtu kwenye orodha. Kuitikia tu kwa huruma, “tutaona”, ni kumwacha mtu akisubiri miaka mingi kwa tumaini la bure. Fedha zozote mtakazotoa zipitie kwa wazee wa kanisa lile, wanaojua nani amefungiwa chumba kwa kukosa pango na nani hajafungiwa.

Ningependa pia mmkumbuke mjukuu wa wakimbizi wa Kirundi waliofika mwaka 1972 na kufyeka pori la Ulyankulu hapo mkoani Tabora, ambao wengi wao walipata uraia wetu na kukabidhiwa vyeti kuanzia mwaka 2014. Ikiwa yumo usharikani, mpeni nafasi safarini, maana ataketi na vijana wa Kikongo na kuzungumza mambo ambayo sisi wengine tumeyasikia tu.

Pasipoti na kadi za chanjo ya homa ya manjano zishughulikiwe mapema. Na kabla hamjakata tiketi, mpigieni simu mchungaji wa Nsambya mmwulize akina mama hurudi saa ngapi kutoka kutembeza vitenge, kwa sababu ratiba yenu yote itaanzia saa hiyo.