Sentensi Niliyoilainisha

Mzee alikuja ofisini kwetu, ofisi ya ushauri wa rasilimali watu na mafao, na bahasha ya kaki aliyoifunga kwa mpira. Ndani mlikuwa na slipu za mshahara za miaka na miaka, zimepangwa mwezi kwa mwezi, na juu yake taarifa ya michango aliyochapishiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asubuhi ileile. Alikuwa mtunza stoo wa kampuni moja ya usafirishaji hapa Dar es Salaam, amebakiza wiki chache astaafu. Slipu zilionyesha makato kila mwezi bila kuruka. Taarifa ya mfuko ilionyesha miezi 171.

Pensheni ya uzee ya NSSF inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Aliyefikisha analipwa kila mwezi mpaka siku Mungu atakapomchukua. Asiyefikisha anapewa mkupuo wake, yameisha. Mzee alipungukiwa miezi tisa, na kulikuwa na miezi 14 ambayo pesa ilikatwa kwenye mshahara wake lakini mfuko haukuiona.

Miezi hiyo 14 mimi nilikuwa naijua.

Miaka sita kabla, kampuni hiyohiyo ilitupa kazi ya kukagua mishahara na mafao. Tulilikuta pengo, nikaliandika kwenye rasimu: "Michango ya wafanyakazi ya miezi 14 imekatwa na haijawasilishwa." Jioni mkurugenzi akanipigia. Hakuwa mkali hata kidogo. "Dada yangu, ripoti hii inakwenda benki, tunaomba mkopo. Hapo palainishe kidogo, hela tutalipa." Kampuni yangu ilikuwa na mwaka wa pili, na mwenye nyumba ananidai kodi ya miezi mitatu. Ripoti ikatoka hivi: "Kuna changamoto ndogo za kiutawala katika uwasilishaji wa michango."

Neno changamoto silipendi tangu siku hiyo.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kufungua ofisi ya ushauri wa rasilimali watu na mafao, usikae ukisubiri rushwa ije na bahasha nene. Mimi sijawahi kuletewa. Nilichoombwa, tena kwa heshima zote, ni neno moja liondoke na lingine liwekwe. Anayeomba ndiye anayekulipa, na mwenye kuumia hayupo kwenye kikao.

Siku hizi tuna sharti ambalo mteja analisaini kabla hajalipa hata senti: sentensi yenye tarakimu haigeuzwi kuwa sentensi isiyo na tarakimu. Akiwa na stakabadhi inayoonyesha tumekosea hesabu, alete, tutasahihisha siku hiyohiyo. Akitaka kuongeza maelezo yake, au mpango wa kulipa deni, tutauweka palepale chini ya tarakimu. Kuifuta, hapana. Na ripoti inasainiwa na wawili, mimi na kijana aliyehesabu. Kijana akikataa kusaini, ripoti haitoki, hata kama mimi ndiye bosi. Imetokea mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika nikaenda kunywa chai nje.

Kwenye bima ya afya ya kikundi mtego ni mwingine. Mwajiri anakuita umtafutie bima nzuri kwa bei nafuu, lakini anayekulipa kamisheni ni kampuni ya bima, na kamisheni inapanda kadiri bei inavyopanda. Maana yake ukifanya kazi yako vizuri unajipunguzia ulaji. Kwanza hakikisha una leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, maana bila hiyo hustahili kuigusa kamisheni yenyewe. Ukiwa na leseni, iandike kamisheni yako kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo lako, tena kwa shilingi. Asilimia haimshtui mtu, shilingi zinamshtua. Wapo watakaoshtuka na kukushusha. Yupo pia ofisa mmoja aliyeitazama ile tarakimu, akafunga mlango, akauliza cha juu chake ni kiasi gani. Tukaikosa kazi ile. Ilikuwa kubwa, sitadanganya kwamba haikuniuma.

Halafu kuna ombi linalokuja kila msimu wa kuhuisha bima: "Nitumie orodha ya wanaotumia sana, na wanaumwa nini." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetupa sababu ya kukataa ambayo mteja anaielewa haraka, kwa sababu taarifa za afya ni nyeti. Lakini usijifiche nyuma ya takwimu za jumla ukadhani umemaliza. Tuliwahi kuipa kampuni ya watu 30 jedwali lisilo na jina hata moja, limeandikwa "matibabu ya ugumba: 1". Kufika saa saba mchana ofisi nzima ilikuwa inamjua ni nani. Sasa idadi ikiwa ndogo, tunaichanganya na nyingine au tunaiacha kabisa.

Vimemo vya ajira sitavizungumzia sana, kila mtu anavijua. Mtoto wa shemeji akiletwa, afanye usaili kama wenzake, na karatasi yake isahihishwe na mtu asiyejua ametoka kwa nani.

Nirudi kwa Mzee. Kwanza nilimwambia ukweli, kwamba tuliliona pengo na nililifunika mimi. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa tunafanyaje, mwanangu?" Nikaitafuta ile rasimu ya kwanza kwenye mashine ya zamani, nikaiambatanisha na barua yenye jina langu, nikampa aipeleke NSSF pamoja na nakala za slipu zake. Nakala nikampelekea mkurugenzi mkononi, asije akasikia kwa watu. Safari hii hakuniita dada yangu.

Kampuni ilibanwa, ikalipa kwa mafungu. Ilichukua miezi saba, na miezi hiyo Mzee aliishi kwa kuuza kuku wa mwanawe huko Chanika. Michango ilipoingia yote alifika miezi 185, pensheni ikaanza. Habari ilipozagaa kwamba tumemchoma mteja, wateja wawili hawakuhuisha mikataba yao nasi. Mmoja alirudi mwaka uliofuata, mwingine hajarudi mpaka leo.

Mzee alikuja tena mara moja, kuchukua bahasha yake ya kaki tuliyokuwa tumeihifadhi. Nilimpa nikidhani ataaga aende. Akavuta kiti, akazitoa slipu zote mezani, akazihesabu mbele yangu moja moja, kisha akaifunga kwa mpira.